Maisha ya Mama Kevina, Mlezi wa Wakunga na Walimu

Ni desturi ya chama chetu kwamba katika kila taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha kusomwa, tuweke kurasa chache za maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kututoka duniani, ambaye kazi yake yaweza kuwa funzo kwetu. Mwaka huu tumemchagua mwanamke ambaye hakuzaliwa katika nchi hii wala hakupata kuishi Kajiado. Wazee wetu waheshimiwa wana haki ya kuuliza sababu, nasi hatuna budi kuieleza kwanza.

Wanachama watakumbuka kwamba katika mikutano yetu yalizuka maneno juu ya mfuko wa karo na mafunzo ya kazi. Wako waliosema kwamba fedha itumikayo kumsomesha binti hupotea, maana ataolewa kwingine na faida yake itawafuata wengine. Wako pia waliosema kwamba vijana wa Kitengela wakifunzwa ufundi huhamia Nairobi, nasi tukabaki mikono mitupu. Tena mzee mmoja aliuliza swali zito kuliko yote: je, siku viongozi wa leo watakapoondoka, ni kitu gani katika kazi hizi kitakachosimama chenyewe? Swali hilo hatukulijibu vizuri. Tumeona afadhali tutafute mtu aliyekutana na maswali ya namna hiyo kabla yetu, tukatazame alifanyaje. Mtu huyo ni Mama Kevina wa Uganda.

UTOTO WAKE

Jina alilopewa na wazazi wake ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili, 1875, karibu na mji mdogo wa Arklow katika jimbo la Wicklow, nchi ya Ayalandi. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alikufa kwa ajali miezi michache kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake akaolewa tena, lakini naye akafariki Teresa alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi. Basi yatima huyu akalelewa na bibi yake, mama wa makamo ya uzee, ambaye ndiye aliyemfundisha sala na kazi za nyumbani.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Wengi katika wale tuwasaidiao wamelelewa na bibi zao, na mara nyingine husikika watu wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo hana mwanzo mzuri. Teresa hakuwa na baba, wala mama, wala mali. Alikuwa na bibi aliyempenda na shule ya watawa iliyompokea. Alipofikia umri wa miaka 14 alianza kufundishwa kazi ya ualimu msaidizi, kwa sababu hapakuwa na fedha ya kumpeleka mbele zaidi. Akafundisha watoto kwa muda, hata Uingereza alifika kwa kazi hiyo.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 20, aliingia katika nyumba ya watawa Wafransisko iliyoitwa St Mary's Abbey, huko Mill Hill, London. Mwaka 1898 akaweka nadhiri, akapewa jina la Sista Mary Kevin. Kevin ni mtakatifu wa kale wa Ayalandi, ambaye makao yake yalikuwa katika jimbo lile lile la Wicklow alikozaliwa Teresa. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa kama kumbukumbu ya kwao. Sista Kevin alijitolea kwenda kufanya kazi Marekani miongoni mwa watu weusi. Alingoja miaka, asiitwe. Alipoitwa, hakuitwa Marekani. Aliitwa Uganda.

SAFARI YA 1902

Katika siku zile, sehemu ya mashariki ya Uganda ilikuwa chini ya mapadre wa Mill Hill, waliofika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Askofu aliona upungufu mmoja mkubwa katika kazi yake. Mapadre waliweza kuwafundisha wanaume na wavulana, lakini wanawake na mabinti hawakuwafikia ipasavyo. Wala haikuwa adabu mwanamume mgeni amtibu mwanamke mja mzito au aliyejifungua. Akaomba watawa wa kike. Tarehe 3 Desemba, 1902, watawa sita wakaondoka London, Sista Kevin akiwa mmoja wao. Walifika Nsambya, karibu na Kampala, tarehe 15 Januari, 1903.

Njia ya msafiri wa wakati ule aendaye Uganda yajulikana. Alishuka melini Mombasa, akapanda gari la moshi la Reli ya Uganda, ambayo ilikuwa imefika kwenye ziwa mwaka 1901, kisha akavuka ziwa kwa meli. Reli hiyo ilipita katika mbuga za Athi, hapo hapo mlangoni petu. Wakati huo Kitengela haikuwa mji. Yalikuwa malisho ya Wamasai na makundi ya wanyama wa porini, na mabehewa yalipita tu yakielekea Nairobi, mji uliokuwa na umri wa miaka michache.

Wazee wetu wanaijua reli hiyo kwa upande wake mwingine pia. Mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada ya watawa hao kufika, yalifanyika mapatano yaliyowaondoa Wamasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa, na mapatano ya 1911 yakawaondoa Laikipia na kuwasogeza kusini. Hatuwezi kuandika habari za mgeni yeyote wa miaka ile kana kwamba mambo hayo hayakutokea. Walikuja chini ya bendera moja watu wa namna nyingi. Wengine walikuja kuchukua, wengine walikuja kutoa, na wako waliofanya yote mawili bila kujitambua. Haki yataka kila mmoja apimwe kwa matendo yake na kwa kile alichokiacha mikononi mwa wenyeji.

CHINI YA MWEMBE

Zahanati ya kwanza ya Sista Kevin haikuwa na ukuta. Ilikuwa kivuli cha mwembe karibu na nyumba ya watawa pale Nsambya. Chini ya mti huo walikuja wagonjwa wa homa, wa ndui, wa vidonda, na akina mama waliobeba watoto wachanga. Nchi ilikuwa katika msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeanza kuenea katika pwani za ziwa tangu mwaka 1900 hivi, na katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000 katika Buganda na Busoga. Vijiji vizima vilibaki bila watu. Watoto wachanga walikufa kwa wingi, na mama zao pia.

Pamoja na zahanati, watawa walianza shule. Tuangalie kwamba mambo haya mawili yalianza pamoja, wala halikungojewa moja limalizike ndipo lianzwe la pili. Mama aliyemleta mtoto mgonjwa aliona binti wa jirani yake akisoma. Na binti aliyesoma alijifunza kwa nini maji huchemshwa na kwa nini kidonda huoshwa. Huo ndio uliokuwa mpango wa kazi yake tangu mwanzo hata mwisho: mahali pa dawa na mahali pa kitabu pasitengane.

Mwaka 1906 Sista Kevin akapanua kazi hadi Nagalama, maili 23 kutoka Nsambya, akaanzisha hospitali. Mwaka 1910 mtawa aliyekuwa kiongozi wao aliugua akalazimika kuondoka Uganda, na uongozi ukamwangukia Sista Kevin. Tangu hapo akaitwa Mama Kevin. Wenyeji, kwa matamshi yao, wakamwita Mama Kevina, na jina hilo ndilo lililodumu. Watawa wengine watatu walipowasili mwaka 1913, akafungua kituo cha tatu huko Kamuli katika Busoga. Kila kituo kilikuwa na matibabu na masomo pamoja.

VITA NA WAPAGAZI

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, mapigano ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalifika hata katika nchi zetu. Wazee wanajua jinsi vijana wa Kiafrika walivyochukuliwa kuwa wapagazi wa mizigo ya askari. Jina la Kariokor katika Nairobi, na la Kariakoo katika Dar es Salaam, ni kumbukumbu za jeshi hilo la wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, walio wengi kwa njaa, kuhara na homa, kuliko kwa risasi.

Hospitali ya Nsambya ilitumika kuwatibu wapagazi hao. Mama Kevina alipoona hali waliyoletwa nayo, jinsi walivyodhoofika na jinsi walivyotupwa na wale waliowatumikisha, alikasirika sana. Hakuficha hasira yake mbele ya Wazungu wenzake. Tarehe 25 Desemba, 1918, serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE kwa ajili ya huduma yake kwa majeruhi. Kwetu sisi nishani si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba kwa macho yake mpagazi alikuwa mtu kamili, mwenye haki ya kitanda, ya chakula na ya kuuguzwa.

UZUIO WA KANISA NA WAKUNGA WA NSAMBYA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twaona ndilo kiini cha maisha yake. Mama Kevina alifahamu kwamba vifo vya akina mama na watoto havingepungua pasipo wakunga waliofundishwa. Lakini yeye mwenyewe na watawa wenzake walikuwa wamefungwa mikono. Desturi na sheria za Kanisa za siku zile hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya kuzalisha. Alikuwa ameletwa kwa sababu ya wanawake, na kazi ambayo wanawake waliihitaji kuliko zote akakatazwa kuifanya.

Mtu mwingine angaliweza kukaa akilalamika, au angaliweza kuvunja sheria na kuiharibu kazi yote. Mama Kevina alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, aliendelea kuwasihi wakubwa wa Kanisa wabadili sheria. Hakuwa peke yake katika maombi hayo. Walikuwako wanawake wengine wa nchi mbalimbali waliodai vivyo hivyo. Hatimaye mwaka 1936 Roma ikatoa ruhusa. La pili, hakungoja ruhusa hiyo ndipo aanze. Alimpata Dokta Evelyn Connolly, daktari wa kike asiyekuwa mtawa, na katika miaka ya kwanza ya 1920 wakaanzisha pamoja shule ya wauguzi na wakunga pale Nsambya. Mabinti wa Kiafrika ambao hawakuwa watawa hawakufungwa na sheria ile. Basi wakafundishwa wao.

Twaomba wanachama wapafikirie vizuri mahali hapa. Kama watawa wa Kizungu wangaliruhusiwa tangu mwanzo, yamkini kazi ya ukunga ingalibaki mikononi mwao kwa miaka mingi, na mabinti wenyeji wangaliachwa kubeba maji na kufua mashuka. Kwa kuwa mlango mmoja ulifungwa, alifungua mwingine, na kwa mlango huo wakaingia wenyeji. Mkunga aliyetoka Nsambya alikuwa na ujuzi usioweza kunyang'anywa. Alipata mshahara wake, akawasaidia wazazi wake, na kijiji chake kikamheshimu. Watu walioogopa kwamba binti aliyesoma amepotea waliona siku mke wa kaka yake aliposhikwa na uchungu kwamba hakupotea hata kidogo.

MABINTI WANANE WA NKOKONJERU

Mwaka 1923 Mama Kevina akafanya tendo lililowashangaza wengi. Alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, liitwalo Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, makao yake yakiwa Nkokonjeru. Walianza mabinti wanane tu.

Wanane ni idadi ndogo. Hata darasa moja katika shule zetu za Kitengela leo lina watoto wengi kuliko hao. Tena tukumbuke hali ya nyakati. Kulikuwa na Wazungu wengi walioamini kwamba Mwafrika aweza kuwa msaidizi, lakini hawezi kuongoza. Nao wazazi wa mabinti walikuwa na shaka ya namna yao: binti asiyeolewa alikuwa hasara kwa ukoo, maana hakuleta mahari wala wajukuu. Kwa hiyo kazi hii ilikuwa na upinzani pande zote mbili. Mama Kevina alitaka mabinti hao wawe walimu na wauguzi, wafanye kazi ile ile waliyoifanya watawa wa kigeni, na siku moja wajitawale katika shirika lao wenyewe.

Wale wanane wakawa mamia. Masista Wadogo wakatoka Uganda wakafika Kenya na Tanzania, wakafundisha mashuleni na kuuguza mahospitalini, nao ni Waafrika wanaoongozwa na Waafrika. Mzee aliyeuliza ni kitu gani kitakachosimama chenyewe, hapa atapata sehemu ya jibu. Kinachosimama ni watu waliokabidhiwa kazi mapema, wakati mwenye kazi angali hai wa kuwaelekeza na kuwasahihisha. Jengo bila watu hugeuka gofu.

SHULE ZA MABINTI, NA WAGONJWA WALIOSAHAULIWA

Mama Kevina hakuridhika na mabinti kusoma madarasa machache ya chini kisha wakarudi nyumbani. Alitaka wafike juu. Katika miaka ya 1930 ilianzishwa shule ya mabinti huko Nsuube, karibu na Nkokonjeru, na mwaka 1942 masomo ya juu yakahamishiwa Namagunga, katika barabara ya Jinja. Shule hiyo, Mount St Mary's College Namagunga, imekuwa miongoni mwa shule za mabinti zenye sifa kubwa katika Afrika Mashariki. Mmoja wa waliosoma hapo ni Dokta Specioza Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda tangu 1994 hadi 2003. Wakati Namagunga inafunguliwa, hata wale walioitakia mema hawakuwaza kwamba mwanamke wa Afrika angekalia kiti hicho.

Wala katika kutazama walio na akili nyingi hakuwasahau waliotupwa. Katika miaka ya 1930 kazi yake iliwafikia wagonjwa wa ukoma, na vituo vikafunguliwa Nyenga na Buluba. Siku zile mwenye ukoma alifukuzwa na jamaa zake, akafa peke yake. Wanachama wanaodhani kwamba chama chapaswa kuwasaidia wale tu watakaotuletea sifa wanaweza kuitafakari habari hii.

FEDHA ZILITOKA WAPI?

Mwanachama mwenye kutunza hesabu atauliza mambo haya yote yalilipiwa na nani. Mama Kevina hakuwa na mali. Alianza chini ya mwembe, akaomba. Aliomba kwa maaskofu, kwa serikali, kwa jamaa za watawa, kwa Wakatoliki wa Ulaya na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifungua nyumba ya malezi huko Holme Hall, Yorkshire, ili wapatikane watawa wapya wa kuja Afrika; kwa maana aliona kwamba upungufu wa watu hudhuru kazi kuliko upungufu wa fedha. Mwaka 1952 watawa hao waliokuwa wakifanya kazi Afrika wakawa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, na yeye akawa mkuu wake wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 77.

Alipostahili kupumzika, alitumwa tena. Akiwa na miaka kama 80 aliiacha nafasi ya ukuu, akapelekwa Boston, Marekani, kusimamia nyumba ya watawa na kukusanya fedha kwa ajili ya kazi za Afrika. Ile nchi aliyoomba kupelekwa katika ujana wake akaifikia katika uzee, naye alikwenda kuiombea Afrika. Huko ndiko alikofariki, tarehe 17 Oktoba, 1957, akiwa na miaka 82.

MAZISHI YAKE

Mwili wake ulipelekwa kwao Ayalandi ukazikwa Mount Oliver, karibu na mji wa Dundalk, makao makuu ya shirika lake. Kwa kawaida habari ingalikwisha hapo. Lakini watu wa Uganda hawakukubali. Walisema kwamba huyo alikuwa mama yao, na mama huzikwa nyumbani kwa watoto wake. Wakaomba mwili wake urudishwe. Ombi likakubaliwa, ukasafirishwa hadi Uganda, ukazikwa Nkokonjeru, mahali pale pale alipowakusanya mabinti wanane.

Sisi watu wa nchi hii twajua uzito wa kaburi. Twajua kwamba mahali mtu azikwapo ni ushuhuda wa watu anaohesabiwa kuwa wao. Mwaka 1957 Uganda ilikuwa ingali chini ya ukoloni, na watu walikuwa wakidai uhuru wao, walioupata tarehe 9 Oktoba, 1962. Katika wakati huo wa madai, wenyeji wenyewe waliomba mgeni mmoja arudishwe akalale kwao. Hakuna nishani ya serikali inayolingana na heshima hiyo. Jina lake nalo likaingia katika lugha, hata katika sehemu za Uganda neno kevina likawa na maana ya hospitali au nyumba ya huruma. Mwaka 2016 Kanisa Katoliki lilianza rasmi kuchunguza maisha yake kwa nia ya kumtangaza mtakatifu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mama huyu wenyeji walipona kweli.

YATUPASAYO SISI

Basi turudi nyumbani. Kitengela ya leo si yale malisho matupu yaliyopitiwa na gari la moshi mwaka 1903. Ni mji uliojaa watu wa makabila yote, wenye viwanda vya Athi River kwa upande mmoja na maboma ya wafugaji kwa upande mwingine. Katika kaunti yetu ya Kajiado kuna binti aliyezaliwa ghorofani na kuna binti ambaye baba yake alipoteza ng'ombe wake wote katika ukame wa 2022. Wote wawili wanahitaji shule, na wa pili aweza kuozwa mapema ikiwa karo haikupatikana. Kajiado haikosi mfano wake wa zamani: shule ya bweni ya wasichana ya Kanisa la AIC katika mji wa Kajiado ilianzishwa mwaka 1959, wakati wazazi wengi wa Kimasai walikuwa bado hawajakubali kumwachia mwalimu binti yao. Wajukuu wa waliokataa leo wanatafuta nafasi.

Kwa wale waliosema fedha ya binti hupotea, maisha ya Mama Kevina yajibu kwamba mkunga haolewi peke yake. Huolewa pamoja na ujuzi wake, na ujuzi huo huwafaa watu wa pande zote mbili za ndoa. Kwa wale walioogopa kwamba vijana waliofunzwa ufundi watahama, twasema kwamba wengine watahama kweli, kama walivyotawanyika wakunga wa Nsambya. Lakini kijana mwenye cherehani yake, au zana zake za useremala, au maziwa na shanga za kuuza, na anayejua kuandika hesabu zake, hubaki akipata mahali pa kusimama. Asiye na ujuzi hubaki akitutegemea sisi.

Na kwa yule mzee aliyeuliza swali kuu, twakiri kwamba chama chetu kina kasoro. Kazi nyingi bado zimo mikononi mwa watu wachache wenye umri mkubwa, nasi tulioandika kurasa hizi ni miongoni mwao. Vijana tumewapa karo, lakini hatujawapa funguo za ofisi. Tumewafundisha ufundi, lakini hatujawafundisha kuendesha mkutano wala kutunza daftari la fedha. Mama Kevina alikuwa amefika umri wa miaka 48 alipowakusanya wale wanane, akaishi miaka 34 zaidi akiwaona wakikua. Alipewa muda wa kukabidhi, akautumia. Sisi hatujui tumepewa muda gani.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba katika mwaka ujao, pamoja na kuongeza mfuko wa karo, wachaguliwe vijana wanane, wa kike na wa kiume, wakae pamoja na wazee katika kila kazi ya chama: mmoja kwa mwenye hazina, mmoja kwa mwandishi, na wengine katika usimamizi wa mafunzo. Wafundishwe, wakosee, wasahihishwe, kisha waachiwe. Idadi hiyo tumeitwaa Nkokonjeru kwa makusudi. Twawaomba wazee wetu walipime jambo hili kwa hekima katika mkutano mkuu, nao vijana wetu wajiandae kuitwa.

Mungu awabariki wote waliojitolea mwaka huu, na awape pumziko jema waliotutangulia.